Urefu wa mstari wa msimbo: yanayosemwa na yaliyo kweli

Vijana wanaoandika programu Mbeya na Iringa, wawe chuoni au kwenye ofisi ndogo zinazowatengenezea wafanyabiashara wa mazao mifumo ya mizani na stoo, hubishana sana juu ya kikomo cha urefu wa mstari wa msimbo (maandishi ya programu), yaani mstari mmoja uwe na herufi ngapi. Mengi yanayosemwa yana chembe ya ukweli, na chembe hiyo ndiyo inayowapoteza.

"Herufi 80 ni mambo ya zamani, skrini za leo ni pana."
Ya zamani ni kweli: kadi za kutobolewa za IBM za mwaka 1928 zilikuwa na safu 80, na terminali (skrini na kibodi za kuongea na kompyuta kubwa) kama VT100 ya mwaka 1978 ikaurithi upana huo. Lakini chukua laptop ya kawaida yenye upana wa pikseli 1366. Fungua faili mbili bega kwa bega, toa nafasi ya namba za mistari. Kila upande unabakiwa na herufi 75 hadi 80 hivi. Na kukagua kazi ya mwenzako ndiko huko: msimbo wa zamani kushoto, mpya kulia.

"Kihariri (programu ya kuandikia msimbo) kinakunja mstari chenyewe."
Kinakunja machoni tu. Git, programu inayotunza historia ya msimbo, inalinganisha mstari kwa mstari: ukibadilisha neno moja kwenye mstari wa herufi 200, wote unaonekana umefutwa na kuandikwa upya. Wawili wakigusa ncha tofauti za mstari huo, mgongano hauepukiki: Git haiwezi kuziunganisha kazi zao yenyewe.

"Kikomo ni 80 kwa kila mtu."
PEP 8, mwongozo wa mtindo wa lugha ya Python, inasema 79, maelezo (maneno ya kumfafanulia msomaji) 72, na timu ikikubaliana inaweza kufika 99. Black, fomata ya Python (zana inayoupanga msimbo yenyewe), inatumia 88. Mwongozo wa Java wa Google ni 100. PSR-12, mwongozo wa lugha ya PHP, inashauri 80, na 120 ni kikomo laini (ukikivuka unaonywa tu). Gofmt, fomata ya lugha ya Go, haina kikomo kabisa. Tatizo huanza zana mbili zinapobishana ndani ya mradi mmoja. Tazama mstari huu:

`if mzigo.zao == "parachichi" and mzigo.kilo > 500 and mzigo.mkoa in ("Mbeya", "Njombe"):`

Una herufi 88 kamili. Black inaupitisha, Flake8 (zana ya kukagua msimbo wa Python) isiyorekebishwa inaukataa kwa kosa E501, yaani mstari mrefu mno. Uingize ndani ya funksheni (kipande cha msimbo chenye jina), nafasi 4 zinaongezeka, unafika 92 na Black nayo inaukata. Chagueni namba moja, muiandike kwenye mipangilio ya zana zote mbili.

"Ukivuka kikomo, kata popote."
Hapa ndipo programu zinapoharibika. Kwenye JavaScript, ukiandika `return` peke yake na thamani kwenye mstari unaofuata, lugha inaweka nukta mkato yenyewe na funksheni inarudisha `undefined`, yaani hakuna thamani. Kwenye Python, mkwaju wa nyuma (\) wa kuendeleza mstari ukifuatwa na nafasi moja isiyoonekana unaleta kosa la sintaksia. Tumia mabano, ndani yake unakata bila hofu. Hatari zaidi ni orodha iliyosahauliwa mkato:

`mikoa = [`
`    "Mbeya"`
`    "Iringa",`
`    "Njombe",`
`]`

Python haitalalamika. Itaunganisha mawili ya kwanza kuwa "MbeyaIringa", na mizigo ya Iringa itapotea kwenye ripoti kimyakimya. Weka mkato hata baada ya kipengele cha mwisho.

"Fupisha majina, utatoshea."
`mz.kl` inatoshea, ila baada ya miezi mitatu hakuna anayeielewa. Bora ulipatie sharti jina lake, `ni_mzigo_mkubwa = mzigo.kilo > 500`, kisha utumie jina hilo kwenye `if`. Msimbo ukisukumwa kulia na `if` nne zilizopandana, toa sehemu iwe funksheni.

"Fomata itamaliza kila kitu."
Kwa mipangilio yake ya kawaida, Black haikati maandishi marefu yaliyo ndani ya alama za nukuu, wala maelezo. Hayo ni kazi yako. Kiungo kirefu cha intaneti kiache kizima; ukikikata hakinakiliki.

"Mistari mifupi inaongeza kasi."
Hapana. Anayefaidika ni msomaji.

"Mradi wa zamani tuupange upya wote leo."
Inawezekana, lakini si pamoja na mabadiliko mengine. Subirini matawi yaliyo wazi (kazi za pembeni ambazo hazijaisha) yaunganishwe, endesheni fomata, hifadhini kwa komiti (rekodi moja ya mabadiliko kwenye Git) ya peke yake. Andikeni namba ya komiti hiyo kwenye faili la `.git-blame-ignore-revs`, kisha kila mmoja aendeshe `git config blame.ignoreRevsFile .git-blame-ignore-revs`. Bila hivyo, `git blame`, amri inayoonyesha nani aliugusa mstari mara ya mwisho, itamtaja aliyeendesha fomata kwenye kila mstari iliyougusa.