Ricky Nelson: yanayosemwa juu yake, na yanayosikika kwenye santuri

Mtaje Ricky Nelson mbele ya mtu anayejua juujuu muziki wa Marekani wa miaka ya 1950, atakujibu upesi: yule kijana mtanashati wa kwenye televisheni, mabinti walikuwa wanamlilia. Hajakosea. Ila maneno hayo yamerudiwa mno mpaka yamezifunika nyimbo zenyewe, na ndiyo maana albamu moja nzuri ya mkusanyiko wa vibao vyake ina faida kubwa kuliko kumkumbusha mzee ujana wake. Ukiisikiliza bila kuiona ile sura, madai mengi yanaanza kuyumba.

“Televisheni ndiyo iliyomtengeneza, yeye hana lake”

Hili lina nusu ya ukweli, tuikubali kwanza. Ricky alizaliwa Mei 8, 1940, mtoto wa Ozzie na Harriet Nelson. Ozzie alikuwa kiongozi wa bendi ya densi, Harriet mwimbaji wake. Kuanzia 1952 familia nzima ikawa inaigiza maisha ya nyumbani kwao kwenye televisheni ya ABC, na kipindi kikadumu hadi 1966. Aprili 1957, Ricky akiwa na miaka 16, aliimba humo “I’m Walkin’” wa Fats Domino, na santuri yake ikauzika kama njugu. Tangu hapo vipindi vingi vilimalizikia kwake, kasimama na gitaa anaimba. Ni tangazo la bure mbele ya mamilioni ya watu, na anayetaka kumbeza kwa hilo ana haki yake.

Lakini televisheni haipigi gitaa. Mwishoni mwa 1957 Ricky alimchukua James Burton, kijana wa miaka 18 kutoka Louisiana ambaye tayari alikuwa amepiga kwenye “Susie Q” ya Dale Hawkins. Burton alikuwa na ujanja wake: zile nyuzi nyembamba za gitaa alizitoa, akafunga nyuzi za banjo, ambazo ni nyepesi zaidi, ili kidole kiweze kuuvuta uzi pembeni na sauti ipande huku inalia. Leo nyuzi nyepesi zinauzwa duka lolote la vyombo vya muziki. Wakati ule ilibidi mtu ajitafutie njia. Weka “Believe What You Say” ya 1958, subiri gitaa lipewe nafasi yake, utasikia ninachosema. Ni sekunde chache tu, hakuna mbwembwe, na kila noti ina makali. Elvis Presley alipounda bendi mpya ya jukwaani mwaka 1969, aliyemwita kushika gitaa ni huyu huyu Burton.

Na wimbo huo nao ulitoka wapi? Kwa Johnny na Dorsey Burnette, ndugu wawili wa Memphis waliokuwa wakipiga rokabili ya vurugu, yaani rock and roll ya mwanzo iliyochanganywa na kantri. Inasimuliwa kwamba walikwenda kukaa kwenye ngazi za nyumba ya akina Nelson na magitaa yao, wakimngoja mwenye nyumba mdogo arudi awasikilize. Akawasikiliza, akachukua nyimbo zao. Baba mtu alikuwa amekulia kwenye bendi kubwa za densi za miaka ya 1930. Ladha hii haikutoka kwake.

“Hakuandika nyimbo, kwa hiyo si mwanamuziki”

Kwa kipimo hicho tungemwondoa hata Elvis. Siku zile kazi ya mwimbaji ilikuwa pamoja na kujua wimbo upi unamfaa, na Ricky alikuwa na sikio. “Poor Little Fool” uliandikwa na Sharon Sheeley, binti wa miaka 18 tu. Agosti 4, 1958 ukawa wimbo wa kwanza kabisa kushika namba moja kwenye Billboard Hot 100, chati ya nyimbo zinazovuma Marekani, iliyozinduliwa siku hiyo. Mwaka 1961 ikatoka santuri moja yenye “Travelin’ Man” ya Jerry Fuller upande mmoja na “Hello Mary Lou” ya Gene Pitney upande wa pili. Wa kwanza ulishika namba moja, wa pili ukafika namba 9. Fuller alikuwa amemwandikia wimbo wake mwimbaji Sam Cooke, na watu wa Cooke hawakuutaka.

Sauti yake nayo inalaumiwa kuwa ndogo. Ndogo ni kweli. Anaimba kama anazungumza na mtu aliyekaa karibu, hapaazi sauti hovyo, na nyuma yake wanaitikia The Jordanaires, wale wale wa kwenye nyimbo za Elvis. Msikilizaji wa kwetu aliyemzoea Jim Reeves hatapata taabu hapa.

Kuna na lile la kwamba yeye ndiye aliyetoa video ya kwanza ya muziki, kwa kuwa Ozzie aliichanganya “Travelin’ Man” na picha za nchi za mbali kwenye kipindi. Ubunifu ulikuwapo, ukwanza hapana. Filamu fupi za wimbo mmoja mmoja zilikuwa zikionyeshwa Marekani kwenye mashine za kutumbukizia sarafu tangu mwanzoni mwa miaka ya 1940.

“Beatles walipofika Marekani, yeye akaisha”

Dhana hii imelelewa na mikusanyiko yenyewe. Ricky alirekodi katika kampuni ya Imperial kuanzia 1957, kisha 1963 akahamia kampuni ya Decca. Warithi wa Imperial walipokuwa wanatoa albamu ya vibao vyake, walitumia kanda walizokuwa nazo, basi hadithi ikakatika 1963. Msikilizaji asiyejua akadhani mtu mwenyewe kaishia hapo.

Ni kweli baada ya “For You”, iliyofika namba 6 mapema 1964, chati zilimkaukia kwa miaka. Lakini aliunda Stone Canyon Band na kuingia kwenye rock iliyochanganywa na kantri, na mwaka 1972 “Garden Party”, aliouandika mwenyewe, nao ukapanda hadi namba 6. Mkusanyiko usio na wimbo huo ni nusu ya habari.

Wimbo huo unahusu tamasha la wakongwe Madison Square Garden, Oktoba 1971, ambako alizomewa. Wengi husema alizomewa kwa kuwa alikataa kuimba vibao vya zamani. Si hivyo. Aliviimba, tena ndivyo alivyoanza navyo. Kelele zilikuja alipogeukia “Honky Tonk Women” ya Rolling Stones kwa mtindo wa kantri. Tena wapo waliokuwapo ukumbini wanaoshikilia kwamba waliozomewa ni polisi, waliokuwa wakiwatoa watu wakorofi nyuma. Nelson aliamini ni yeye, akashuka jukwaani, na machungu yale yakazaa wimbo.

“Ndege iliungua kwa sababu ya dawa za kulevya”

Uvumi huu ulitapakaa wiki chache baada ya ajali ya ndege ya Desemba 31, 1985 karibu na De Kalb, Texas, iliyowaua abiria wote 7, Nelson akiwa mmoja wao, huku marubani 2 wakinusurika. Vipimo vilimkuta Nelson na mabaki ya kokeini, na hakuna haja ya kuficha. Lakini wachunguzi wa usalama wa usafiri wa Marekani hawakupata ushahidi kwamba utumiaji wa dawa ndio uliowasha moto. Chanzo hawakukithibitisha, ingawa mtambo wa kupasha joto kwenye ndege ile kuukuu aina ya DC-3 ulitiliwa mashaka.

“Mkusanyiko wowote ni ule ule”

Hapa ndipo watu wanapopoteza hela. Mwaka 1985 Nelson alirudi studio akarekodi upya vibao vyake vya ujana, vikatoka kwenye albamu iitwayo All My Best. Majina ya nyimbo ni yale yale, mwimbaji ni yule yule, ila ni mtu wa miaka 45 na bendi nyingine. Si kazi mbaya, na sauti imekomaa, lakini solo unayoisikia humo si ya Burton wa 1958. Rekodi za namna hii husambaa kirahisi kwenye CD za bei poa na kwenye mitandao ya kusikilizia muziki, kwa sababu haki zake haziko kwa kampuni zilizorekodi mara ya kwanza.

Geuza jalada, au fungua maelezo ya wimbo, usome maandishi madogo. Ukiona Imperial na miaka ya 1957 hadi 1963, uko salama. Vibao vya mwanzo vitafute katika mono, yaani sauti ya njia moja tu, kwani ndivyo vilivyotengenezwa. Katika miaka ya 1960 kampuni nyingi zilizigeuza rekodi za mono kuwa stirio ya kubandika, yaani sauti ya njia mbili ya bandia, besi ikawa upande mmoja na sauti nyembamba za juu upande mwingine. Mwenye subira na atafute Legacy, kasha la CD 4 la mwaka 2000, linaloanzia kwa kijana wa 1957 na kuendelea hadi miaka yake ya mwisho. Mwenye kutaka kuonja kwanza, zimtoshe “It’s Late”, “Lonesome Town” na “Hello Mary Lou”, kwa mpangilio huo.