Ustahimilivu wa jamii: kazi inayobaki malori ya msaada yakishaondoka

Aprili 2024, wakati mvua za El Niño zimeshapiga kwa miezi kadhaa, Waziri Mkuu wa Tanzania wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge kwamba watu 155 wamefariki na 236 wamejeruhiwa nchini, na kwamba kaya zaidi ya 51,000 zimeathirika. Takwimu za aina hiyo tumezizoea. Ile nyingine, ya kaya ngapi zimesimama tena baada ya mwaka mzima, ni nadra kuisikia, na humo ndimo dhana ya ustahimilivu wa jamii inamokaa.

Kwa ufupi, ni uwezo wa watu wa eneo moja kupigwa na janga bila shughuli zao za lazima kukatika kabisa, kurudi kwenye maisha ya kawaida ndani ya muda unaovumilika, na kurekebisha kile kilichowafanya waumie. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo huachwa. Wataalamu wa menejimenti ya maafa hutaja hatua kadhaa: kuzuia na kupunguza madhara, kujiandaa, kukabiliana, kisha kurejesha hali. Kwenye kukabiliana kuna kamera, magodoro, unga na viongozi waliovaa mabuti. Kwenye kurejesha hali kuna mafundi, madeni na vikao virefu, kwa hiyo hakuna anayepiga picha.

Janga lenyewe si lazima liwe maafa. Mto Rau wa huku Moshi ukimwaga maji kwenye uwanda usio na nyumba wala shamba, hakuna wa kuhesabiwa. Maafa yanaanza pale madhara yanapozidi nguvu za watu wenyewe kuyabeba, na nguvu hizo hupanda au kushuka kabla mvua haijanyesha.

Chukua kata kama Mabogini, kusini mwa Moshi. Iko tambarare, ina mpunga, na mito inayoteremka kutoka Mlima Kilimanjaro huishia huku chini. Mafuriko yanaweza kuja mchana kweupe, jua linawaka, kwa sababu mvua imepiga juu huko. Nyumba ya matofali ya udongo haihitaji mkondo mkali ili ianguke. Maji yakituama siku mbili, safu za chini za ukuta hunyonya, hulainika, kisha ukuta wote unakaa chini kama mtu aliyechoka. Mwenye nyumba atafanya nini? Akipewa bati na misumari tu, atafyatua matofali yaleyale na kuyapanga palepale. Hali imerejeshwa kweli, pamoja na hatari yake. Akisaidiwa kupata mawe na saruji ya kuinua msingi hadi usawa wa goti (na mawe ya volkano si kitu adimu kwetu), mafuriko yajayo yatamchafulia nyumba bila kuiangusha. Ndivyo mwongozo wa kimataifa uliopitishwa Sendai, Japani, Machi 2015 unavyosema: jenga upya kwa ubora zaidi. Mambo ni hayohayo kwa kalavati la barabarani. Likisombwa kisha likarudishwa la kipenyo kilekile, hela imetumika kununua mafuriko mengine.

Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito. Ni sheria nzuri. Lakini kumwambia mtu ahame bila kumwonyesha pa kuhamia ni kumpeleka kwenye bonde lingine, maana kiwanja cha bei ndogo kiko bondeni.

Tuje kwenye fedha, ambako kwa maoni yangu ustahimilivu wa mtaa hupimwa vizuri kuliko popote. Karibu kila mtaa una kikoba, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana. Kisanduku kina kufuli tatu na funguo zake ziko kwa watu watatu tofauti, kila kikao wanachama wananunua hisa, na pembeni kuna mfuko wa jamii wa misiba na ugonjwa. Mama mmoja akiunguliwa na jiko, mfuko unamwinua kabla ya kikao kijacho. Sasa mafuriko yakiingia kwa wanachama wote usiku mmoja? Kisanduku karibu kitupu, kwa sababu fedha iko mikononi mwa wanachama kama mikopo, na wanachama ndio hao waliopoteza kuku, mchele wa genge na cherehani. Wote wanadai, wote wanadaiwa. Hapo ndipo mikopo ya kausha damu inapopata wateja, na mtu anaanza kulipa riba ya kila wiki kwa ajili ya maji yaliyokwisha kukauka.

Kikundi chenye akili hujipanga mapema. Katiba yake inasema wazi kwamba likitokea janga la mtaa mzima marejesho yanasimama kwa muda fulani bila faini. Akiba kidogo inawekwa benki au kwenye simu na haikopeshwi kamwe. Baadhi ya wanachama wanatoka mtaa mwingine, hata kama wengine watanung'unika kwamba hao si wenzetu. Ni kazi ya kalamu na daftari, na inaokoa kuliko blanketi.

Wachaga wa zamani waliijua kanuni hiyo ya kutokuweka vyote mahali pamoja. Kaya ilikuwa na kihamba juu, chenye migomba, kahawa, miti na mifugo ya kufungiwa, na shamba la chini la mahindi na maharage. Mwaka wa ukame huko chini, ndizi zilikuwapo juu. Machi 2020 tuliona mabaki ya mpango huo: corona ilipofunga utalii, mpagazi wa mlimani mwenye kihamba cha wazazi alirudi nyumbani akala mtori. Aliyekuwa na chumba cha kupanga mjini na begi la kazi hakuwa na pa kurudi. Mwezi huohuo soko la Samunge jijini Arusha liliteketea kwa moto, kwa hiyo kuna wafanyabiashara waliopigwa na mawili kwa mpigo.

Wala nyumba peke yake si kurejea. Baada ya tope na mawe kuteremka kutoka Mlima Hanang tarehe 3 Desemba 2023 na kuua watu zaidi ya 80, zilijengwa nyumba zaidi ya 100 huko Waret kwa waliopoteza makazi. Hilo ni jambo kubwa. Ila mwenye duka anahitaji pia wateja, mtaji na njia ya kufika sokoni. Mwanafunzi anahitaji shule iliyo karibu. Mjane anahitaji hati yenye jina lake.

Kwa mujibu wa mfumo wetu, kamati za maafa zinapaswa kushuka kutoka taifa hadi kijijini. Muulize mwenyekiti wako wa mtaa wajumbe ni akina nani na walikutana lini mara ya mwisho. Muulize pia nani anajua nyumba yenye mzee asiyeweza kutembea, nani ana simu ya mtu wa huko juu atakayepiga mto ukijaa, na shule ipi itapokea watu usiku bila kufunga masomo mwezi mzima. Tangazo la Mamlaka ya Hali ya Hewa linafika kwenye simu za wengi, lakini haligongi mlango wa yule mzee.

Masika huanza Machi. Msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya mtaa, wa kuzibua mitaro unatakiwa uitwe Januari, mwisho kabisa Februari, wakati vumbi limejaa na kila mtu ana udhuru.