Ukiipaka rangi, picha ya mtu inakuwa yako?

Wachoraji wengi wanaamini hivi: picha ikishawekwa mtandaoni ni ya wote, na ukiichora upya kwa mkono, ukageuza rangi au asilimia 30 hivi, kazi ni yako.

Imani hiyo inaeleweka. Anayekaa siku 4 mbele ya turubai, simu imeegemezwa kwenye kopo la brashi, akinakili simba aliyepigwa picha na mwingine, ametoka jasho kweli. Ila mwanga ule, pembe ile na sekunde ile simba alipogeuza shingo vilichaguliwa na mpiga picha.

Mkataba wa Berne wa 1886, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki ambao Kenya na Tanzania ni wanachama, unaipa picha ulinzi bila kusajiliwa. Kuigeuza iwe mchoro kwa kawaida kunahitaji ruhusa. Hiyo asilimia 30 haimo kwenye mkataba huo. Kinachotazamwa ni kilichochukuliwa, si kilichoongezwa. Wazo lenyewe, simba akitazama machweo, halina mwenyewe. Chora wako.

Kukagua si kazi. Pakia picha kwenye huduma ya kutafuta kwa picha, uone ilianzia wapi, kisha usome leseni yake. Kwenye leseni za Creative Commons, yaani ruhusa zilizoandikwa tayari ambazo mwenye picha huiwekea kazi yake, CC0 inakuachia huru; NC inakataza biashara; ND inakataza kusambaza kazi iliyobadilishwa, hivyo mchoro wako haupiti. Usipoona leseni yoyote, mwandikie mpiga picha. Wengine huomba kutajwa jina tu.