Kabla Hujawahoji Waliohamishwa na Moto wa Misitu

Moto ukianza kaskazini mwa Kanada, ofisi yetu ya maadili ya utafiti nayo huanza kupokea malalamiko. Safari hii yamezidi: mtu kaingia na hojaji katika ukumbi wanamolala familia za wenyeji wa asili zilizohamishwa, kauliza habari za kikohozi, usingizi na huzuni, kaondoka zake. Wengi ni wanafunzi wa afya ya jamii waliokuja kujitolea kugawa chakula, wakiwemo wenzetu wa Kiswahili. Nia yao siitilii shaka.

Lakini “nilikuwa napiga nao soga tu” si utetezi. Ukikusanya majibu kwa mpangilio ili uyachambue, huo ni utafiti, hata kama umeyaandika kwenye simu. Wala dharura haifuti kanuni. Sura ya 9 ya sera ya taifa ya maadili ya utafiti inataka jamii ya wenyeji wa asili ishirikishwe pale utafiti unapoweza kugusa ustawi wake. Kwa hiyo anza na chifu na baraza lake. Mkubaliane kwa maandishi nani atamiliki data, nani atazidhibiti, nani ataziona na zitakaa wapi. Makubaliano hayo yaambatanishwe na maombi yako kwa kamati ya maadili ya chuo chako, kisha usubiri kibali. Hapo ndipo unapomwendea mtu mmoja mmoja kuomba ridhaa yake. Saini ya chifu si ridhaa ya bibi mwenye pumu, na ridhaa ya bibi haikuondolei wajibu wa kuonana na baraza. Hili nalirudia kila wiki.

Ukikiuka, kamati inaweza kusimamisha kazi yako. Mashirika matatu ya serikali kuu yanayofadhili utafiti nayo yanaweza kukuandikia barua, kukata fedha zilizobaki, kudai zilizokwisha kutolewa na kuyakataa maombi yako ya baadaye.

Wapo wanaosema huu ni urasimu. Wakumbuke yaliyotokea. Katika miaka ya 1980, mtafiti mmoja alichukua damu ya watu zaidi ya 800 wa Nuu-chah-nulth, wenyeji wa asili wa jimbo la British Columbia, akisema anachunguza baridi yabisi. Damu hiyo ikaja kutumika katika tafiti za asili ya binadamu ambazo hawakuziridhia. Ilirudishwa mwaka 2004. Tena katika jamii hizi wapo wazee ambao utotoni walichukuliwa makwao kupelekwa shule za bweni za serikali na kanisa. Leo wanapandishwa ndege tena, majina yakisomwa kwenye orodha, na wakishuka wanakutana na mgeni mwenye kalamu.

Kama umekwisha kukusanya majibu bila kibali, usiyafute, usiyachambue, usimtumie mwenzako. Toa taarifa kwa kamati ya chuo chako. Itakaa na baraza la jamii husika kuamua yarudishwe au yateketezwe, na wewe utaitwa kueleza.