Je, wajua kwa nini anga hutoka na michirizi kwenye filamu ya nyeusi na nyeupe?

Anga tupu ndiyo humuumbua msafishaji wa filamu. Kwenye majani au umati wa watu dosari hujificha. Angani hazina pa kujificha.

Dawa ya kusafishia hugeuza chembe za chumvi ya fedha zilizopigwa na mwanga zikawa fedha nyeusi. Kazi hiyo huzalisha bromidi, nayo hupunguza makali ya dawa pale ilipo. Tanki, yaani chombo kisichopitisha mwanga ambamo filamu husafishwa, likiachwa limetulia, bromidi huteremka kutoka sehemu nyeusi za negativu (filamu iliyosafishwa, ambayo weusi na weupe wake umegeuzwa) na kuacha michirizi hafifu chini yake. Kwenye picha ya karatasi, michirizi hiyo hutoka myeusi. Ndiyo maana tanki hupinduliwa.

Ila kulipindua kwa fujo nako ni balaa. Katika filamu ya milimita 35, dawa hupenya kwa kasi kwenye matundu ya pembeni na kusafisha zaidi hapo, na picha hutoka na mistari myeupe iliyolingana na matundu. Wengi wakiiona huzidisha kutikisa, wakaharibu zaidi.

Utaratibu wa Ilford, kampuni ya filamu na dawa, unatosha: pindua mara 4 katika sekunde 10 za kwanza, kisha mara 4 mwanzoni mwa kila dakika. Zungusha tanki kidogo mkononi kila upinduapo, ili dawa isipite njia ileile. Halafu ligonge mezani. Kiputo cha hewa kilichogandia huacha doa jeusi la duara kwenye picha.

Ukingo mmoja wa negativu ukiwa hafifu kwa urefu wote, dawa haikufika. Tanki la Paterson huhitaji mililita 290 kwa rili (gurudumu la kuvishia filamu) moja ya milimita 35, na 500 kwa filamu pana ya 120. Au rili ilipanda juu kwenye mhimili, ibane.

Muda wa kusafisha ulio chini ya dakika 5 nao ni mtego, kwani sekunde chache za kumimina huleta tofauti. Zimua dawa: filamu ya Ilford HP5 Plus kwenye dawa ya ID-11 isiyozimuliwa, nyuzi 20, huchukua dakika 7 na nusu, ukizimua kwa maji kiasi sawa, dakika 13.

Doa la rangi ya maziwa si la kutikisa. Mizunguko ya filamu iligusana kwenye rili, dawa ikakosa pa kupita. Fiksa, dawa inayoondoa chumvi ya fedha iliyobaki, itaondoa weupe, picha hairudi. Mara nyingi rili ya plastiki ilikuwa na unyevu wakati wa kuvisha filamu.