Hakuna Mvua Galilaya Mwezi Julai: Dhana Potofu Katika Riwaya za Nyakati za Biblia

Msomaji wa riwaya ya Kikristo anaijua Biblia yake, kwa hiyo waandishi wengi huwa makini na matukio na maneno yaliyoandikwa. Makosa huingia kwingine, kwenye yale ambayo Maandiko hayakuyaeleza kwa sababu wasikilizaji wa kwanza waliyajua tayari: mvua hunyesha lini, askari wa mjini ni wa nani, chunguni mna nini. Hapo ndipo mwandishi anapopaswa kutumia muda wake mwingi.

Dhana: Galilaya ilijaa askari wa Kirumi

Wakati wa huduma ya Yesu, Galilaya haikuwa chini ya liwali wa Kirumi. Mtawala wake alikuwa Herode Antipa, kuanzia mwaka 4 KK hadi 39 BK, naye alikuwa na askari wake na watoza ushuru wake. Lawi alipoketi forodhani Kapernaumu, fedha ile ilikuwa inaelekea kwa Antipa. Yule akida wa Kapernaumu anaweza kuandikwa bila shida kama ofisa wa Mataifa aliyemtumikia Antipa.

Uyahudi ndiyo iliyokuwa na liwali, tangu mwaka 6 BK, na Pontio Pilato alishika nafasi hiyo kuanzia 26 hadi 36. Makao yake yalikuwa Kaisaria, pwani, ambako mwaka 1961 lilipatikana jiwe lililochongwa jina lake. Yerusalemu alikuwa akipanda wakati wa sikukuu, mji ulipofurika watu na fujo kuhofiwa. Askari wake nao hawakuwa legioni, yaani majeshi makuu ya raia wa Rumi. Hizo zilikaa Siria. Yeye alikuwa na vikosi vya wasaidizi, wengi wao vijana wa Kaisaria na Sebaste, mji wa Samaria. Kwa hiyo askari wa Rumi anayepiga doria Nazareti kila asubuhi ni kosa, tena linamnyima mwandishi mvutano wa kweli: mkulima wa Galilaya alikuwa anakamuliwa na mtawala aliyejihesabu kuwa Myahudi mwenzake.

Dhana: Majira yao yalikuwa kama yetu

Kosa hili linatunasa sisi wa Afrika Mashariki kuliko wengine. Biblia zetu zinataja masika na vuli, basi mwandishi anafikiria Machi hadi Mei, kisha Oktoba hadi Desemba, na kiangazi kifupi katikati. Kule mwaka umegawanyika mara mbili tu. Mvua huanza Oktoba au Novemba, hukolea Desemba hadi Februari wakati wa baridi, na humalizikia Machi au Aprili. Kuanzia Juni hadi Septemba karibu hainyeshi kabisa. Ukiandika Petro ananyeshewa mwezi Julai, umeharibu.

Kalenda ya kubandika ukutani unapoandika ni hii: Novemba na Desemba ni kulima na kupanda, baada ya mvua ya kwanza kulainisha udongo; Aprili huvunwa shayiri, karibu na Pasaka; Mei na Juni ngano, karibu na Pentekoste; Agosti na Septemba zabibu; Oktoba na Novemba zeituni. Tazama jinsi Injili zenyewe zinavyolingana. Yohana anasema Pasaka ilikuwa karibu watu elfu tano walipolishwa, na mikate ilikuwa ya shayiri. Marko anasema waliketi kwenye majani mabichi. Miezi mitatu baadaye mlima uleule ungekuwa na nyasi kavu za rangi ya majani ya ngano.

Chakula kinafuata mkondo huohuo. Mahindi, nyanya, viazi, mihogo, pilipili kali, maharage yetu ya kawaida na karanga vyote vilitoka bara la Amerika baada ya 1492. Hata mpungate unaoonekana leo kwenye picha nyingi za Nchi Takatifu ulitoka huko. Kahawa, chai na sukari havikuwepo. Jikoni kwa Martha weka mkate, dengu, ful (maharage mapana ya kale, si yale yetu), vitunguu, vitunguu saumu, zeituni, tini, asali na samaki waliokaushwa au kutiwa chumvi. Mkate wa maskini ni wa shayiri. Nyama ni ya sikukuu. Na usisahau kazi: kabla ya mkate kuna jiwe la kusagia, na kusaga unga wa familia kulichukua saa kadhaa kila siku. Mhusika wa kike anayezurura sokoni asubuhi nzima lazima awe na mtu anayemsagia.

Dhana: Wayahudi hawakukanyaga Samaria

Uadui ulikuwepo, lakini Josephus, mwanahistoria wa Kiyahudi wa karne ya kwanza, anaandika kwamba Wagalilaya walikuwa na desturi ya kupita Samaria wakienda kwenye sikukuu, na kwamba anayeharakisha hufika Yerusalemu kwa siku 3. Wengine walizunguka kwa bonde la Yordani. Mwendo wa kawaida wa miguu ni kilomita 25 hadi 30 kwa siku. Wakiwemo wazee, watoto na punda, wape siku 4 au 5. Ukipitia Yeriko, kumbuka mlima: Yeriko iko mita 250 hivi chini ya usawa wa bahari, Yerusalemu mita 750 hivi juu ya usawa huo, na kati yao ni kama kilomita 27 tu. Wahusika wako wafike wakihema.

Dhana: Saa za Biblia lazima zibadilishwe

Mwandishi wa Kiswahili hapa ana bahati. Saa zao zilihesabiwa kuanzia macheo, kama zetu. Yesu alikufa yapata saa tisa, nasi tunaelewa papo hapo. Siku yao pia ilianza jua linapotua, jambo ambalo watu wa pwani wanalifahamu. Tofauti ni kwamba saa ilikuwa sehemu moja ya kumi na mbili ya mchana, kwa hiyo huko Yerusalemu saa moja ilifikia dakika 70 hivi katikati ya kiangazi na 50 tu katikati ya baridi. Dakika hazikuwepo maishani mwao. Andika "kabla mkate haujaiva", usiandike "baada ya dakika tano".

Mengine kwa kifupi. Mathayo hataji idadi ya mamajusi. Mariamu Magdalene hakuna andiko linalomwita kahaba. Sura hiyo ilishika mizizi kwa mahubiri ya Papa Gregori wa Kwanza mwaka 591. Na hakuna mhusika anayeweza kusema "Isaya 53:5". Sura ziligawanywa karne ya 13, aya za Agano Jipya zilihesabiwa mwaka 1551. Gombo la Isaya lililopatikana Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, mwaka 1947 lina urefu wa zaidi ya mita 7 na safu 54 za maandishi. Msomaji alilishika kwa mikono miwili, mmoja ukikunjua, mwingine ukikunja, mpaka afike mahali pake. Mpe mhusika wako muda huo, na sinagogi zima likisubiri.

Dhana: Kubuni ni kuongeza Maandiko

Riwaya inayojitambulisha kuwa riwaya haiongezi kitu kwenye Biblia. Hatari ni kumwacha msomaji asijue mpaka uko wapi. Dawa yake ni kurasa mbili mwishoni mwa kitabu: taja wahusika uliowabuni, matukio uliyoyasogeza, na mazungumzo yasiyo na andiko. Maneno ya Yesu yanahitaji uangalifu wa pekee. Njia salama ni kumwachia yale yaliyoandikwa, na ubunifu wote uwe kwa wanaomsikiliza.