Mzee anataka kubaki kwake: maswali ya wanaotunza wazazi Nyanda za Juu Kusini

Mama ana miaka 78, yuko peke yake Tukuyu na hataki kuhamia kwangu Mbeya mjini. Nimlazimishe?

Hapana, maadamu anajipikia, anaoga mwenyewe na akili yake iko timamu. Mtafutie msaidizi wa yale yaliyomshinda tu: kuchota maji, kupasua kuni, kubeba mzigo kutoka sokoni. Nasisitiza hilo "tu". Binti wa kazi akimfanyia kila kitu, misuli inalegea, na baada ya miezi michache mama atashindwa kweli. Shamba la mlimani likimwelemea, abaki na bustani ya mboga hapo uani.

Naogopa ataanguka.

Una haki ya kuogopa. Choo kikiwa nje, mvua zikinyesha, ule udongo wa Rungwe unateleza hata kwa kijana. Mwaga kokoto njiani, funga mti imara wa kushikilia kuanzia mlangoni hadi chooni, na ndani ya choo weka mshikio ukutani. Taa ya sola au tochi ikae anapoifikia akiwa bado kitandani. Usiku awe na ndoo yenye mfuniko chumbani. Haimwondolei heshima yake. Kandambili zilizolika soli zitupe, mnunulie viatu vinavyoshika kisigino.

Kabla ya kusimama akae kwanza ukingoni mwa kitanda dakika moja au mbili, hasa kama anatumia dawa za presha, kwa sababu presha inaweza kushuka ghafla anaponyanyuka na kumletea kizunguzungu. Mchana afanye mazoezi ya kuinuka kitini na kuketi, mara kadhaa, kiti kikiwa kimeegemea ukuta. Shirika la Afya Duniani linawashauri wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya nguvu na ya usawa wa mwili siku 3 au zaidi kwa wiki.

Akianguka asiweze kusimama, au mguu mmoja ukaonekana mfupi na umegeukia nje, msimchue wala kumvuta. Huenda nyonga imevunjika. Apelekwe hospitali akiwa amelazwa.

Baba yuko Makete. Juni na Julai analala na jiko la mkaa chumbani.

Litolewe leo. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala hashtuki. Aote moto jikoni penye dirisha wazi, kisha alale na soksi, kofia na blanketi la ziada.

Presha ikishuka aache vidonge?

Asiache mpaka daktari aseme. Mara nyingi imeshuka kwa sababu anavimeza.

Tangu jana anaongea ovyo, hamtambui hata mjukuu wake. Ni uzee?

Uzee hauji kwa siku moja. Inaweza kuwa malaria, nimonia, maambukizi ya njia ya mkojo, kiharusi au sukari kushuka. Mpelekeni hospitali leo hii, na mbebe dawa zake zote, za miti shamba zikiwemo.